Hatua Sitini za Miguu Yangu

Mpaka wa mto wetu ulipimwa kwa miguu yangu. Serikali inasema mita sitini kila upande zisiguswe, lakini kijijini kwetu hakuna mwenye kamba ya mita sitini, na aliyekuwa nayo aliifungia ng'ombe ikakatika. Tukakubaliana hatua sitini. Hapo ukaanza ugomvi: hatua za nani? Wenye bustani za vitunguu kando ya mto wakamtaka ajuza mmoja anayetembea kwa kuburuta nyayo. Wenye ng'ombe wengi wakamtaka kijana mmoja mrefu kama nguzo ya umeme. Mwisho mzee wa mkutano akachoka akasema, "Apite huyu mama. Hana bustani, na ng'ombe wake wamebaki watatu. Hana wa kumpendelea."

Nikapita. Nilivyovuta miguu siku ile, mapaja yaliniuma wiki nzima. Bustani nne zilimezwa. Mwenye bustani mmoja alinifuata mpaka hatua ya mwisho akinitukana, "Una miguu ya korongo na roho ya fisi!" Nikamjibu, "Korongo anakaa penye maji. Wewe subiri uone utakaa wapi." Watu wakacheka, naye akatema mate, na ikawa sheria.

Nimesoma mpaka darasa la nne, nikaolewa. Ninaandika kama ninavyolima: jembe likigonga jiwe nalizunguka. Lakini hili jiwe sitalizunguka.

Mto wenyewe si wa kujisifia. Masika unakuja mwekundu, unabeba mbuzi na vyoo vya watu. Kiangazi unakuwa mchanga mtupu, na sisi wanawake tunapiga magoti tunafukua kwa mikono mpaka maji yachuruzike, tunachota kwa kikombe tunajaza ndoo. Tumekunywa hivyo tangu bibi zetu. Halafu dhahabu ikaonekana kwenye vilima vya juu, na wachimbaji wakaja na makarasha yao ya kusaga mawe. Mawe yaliyosagwa yanataka maji. Wakateremka mtoni na makarai yao na zebaki kwenye vichupa vya dawa, wakaosha, wakachimba mashimo, wakaacha matope ya kijivu yanayong'aa kama kamasi ya konokono. Ndama wangu wawili walikunywa dimbwi lile wakafa wametoa povu. Nilichuna ngozi nikazika nyama, mimi ambaye tangu nizaliwe sijawahi kuzika nyama.

Ndipo nilipoingia kwenye dagashida, mkutano wetu wa jadi, ambako zamani mwanamke alikuwa anafika kuleta pombe tu. Nikasema ukingo ufungwe kama tunavyofunga ngitili, yale malisho yanayohifadhiwa mpaka kiangazi. Tupande minyaa iwe ua, tupande matete yashike udongo, na atakayeosha mawe ndani ya ua atengwe. Wazee wakanitazama kama ng'ombe aliyesema. Lakini kiu ilikuwa imewafika, wakakubali. Wakanifanya mwenyekiti wa mto. Mpaka leo ndiye mimi.

Kutengwa huko kwetu mtu asione ni jambo dogo. Hupigwi, hufungwi. Ila hakuna anayekusalimia, na Msukuma asiyesalimiwa ni sawa na aliyekwisha oza. Huombi moto, huombi chumvi, mashine ya kusaga inazimwa ukifika. Inaendelea hivyo mpaka ulipe ng'ombe, watu waile nyama, ndipo wafungue midomo.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa mtoto wa jirani yangu. Huyu jirani tuliolewa mwaka mmoja, tulikuwa tunateka maji pamoja tukiwa mabibi harusi, tunasengenya mama wakwe zetu njia nzima. Mwanawe alikuwa mtu mzima, ana mke, ana kihenge cha mahindi, na bado akaenda kuosha mawe ndani ya ua. Akatengwa. Siku ya nne mama yake akatoa fahali. Tukala. Yule kijana akala na sisi, akajichokonoa meno akasema, "Nyama tamu hii. Wiki ijayo naosha tena, mama ana fahali mwingine."

Watu walicheka. Mimi nilisimama na mfupa mkononi. Nikasema kuanzia leo ndugu halipi. Mkosaji atalipa kwa jasho lake: atabeba matope yake, atafukia mashimo yake, atapanda. Ndugu haruhusiwi kumshikia hata kikapu. Na akipiga yowe, yowe lake halisikiki. Atakayeliitikia ametengwa naye.

Jirani yangu akasema, "Mwenzangu, usifike huko kwenye yowe. Na wewe una watoto."

"Wangu nimewafundisha," nikamwambia. "Wako umewafuga."

Lilikuwa neno zuri, watu walilipenda. Walilirudia sokoni mwezi mzima. Sikujua linavyouma mpaka liliponirudia mimi, lakini sitasema kwamba wakati ule sikulifurahia. Nililifurahia sana.

Kijana akaosha tena kama alivyoahidi, akatengwa kwa sheria mpya, akagoma kubeba matope. Kiangazi kile kile, mchana, upepo ukabeba cheche kutoka jikoni kwa mkewe mpaka kwenye kihenge. Alipiga yowe. Kijiji kizima tulilisikia. Kwetu yowe likilia hata mwenye jipu anakimbia, lakini siku ile watu walikaa kwenye vigoda wakatazama chini. Mama yake alijifungia ndani akajijaza kanga mdomoni. Mahindi ya mwaka mzima yaliungua yakitoa harufu ya bisi. Kesho yake kijana akafunga godoro kwenye baiskeli akaondoka na mkewe, na mama yake hajui mpaka leo yuko machimbo gani.

Nilikutana na jirani yangu njiani. Sikumwambia pole. Nilimwambia, "Sasa mto utapona."

Na ulipona, huo ndio ukweli wenyewe. Matete yaliota. Ndege wadogo wale wa njano wakarudi kufuma vibanda vyao. Mwezi wa tisa, ambao zamani tulifukua mchanga mpaka kiwiko, sasa tulifukua mpaka kifundo cha mkono na maji haya hapa, meupe. Nilikuwa napita ukingoni na fimbo yangu kama mkaguzi, watoto wananipisha.

Kitinda mimba wangu alikuwa ameolewa Ushirombo. Mume akamchoka, akarudi na mabinti wawili, mkubwa ana miaka sita. Nikamjengea chumba uani kwangu. Hakuwa mtu wa kukaa anangoja kulishwa, alirithi kwangu. Akaenda kambini kwa wachimbaji kuponda mawe na wanawake wengine. Hawalipwi kwa fedha pale, wanapewa marudio, ule mchanga ambao dhahabu yake kubwa imeshatolewa. Unauchukua ukauoshe mwenyewe upate chembe. Na wa kuosha anahitaji maji.

Siku moja nilikuwa nimekaa uani nabangua karanga. Jirani yangu akaja, miaka miwili alikuwa hajakanyaga kwangu. Ameshika karai la bluu. Nililijua. Nililinunua mimi mwenyewe.

Akaliweka mbele ya miguu yangu. Ndani kulikuwa na matope ya kijivu.

"Nimelikuta ndani ya hatua sitini zako," akasema. "Mwenye karai alikimbilia kwenye matete. Ana mgongo kama wako."

Karanga zilikuwa mkononi.

"Sijamwambia mtu," akasema. "Nimekuja kukuuliza wewe kwanza. Utasema mwenyewe, au niseme mimi?"

Binti yangu aliporudi nilimwonyesha karai. Hakukana. Akasema, "Mayu, maji ya kambini yanauzwa kwa pipa. Mto hauuzwi. Nimeosha mara tatu tu, na matope sikumwaga yote."

"Ningekupa ng'ombe mmoja uuze."

"Ungenipa, halafu ungenisimanga mpaka ng'ombe azae wajukuu."

Kweli, ningemsimanga. Nilimpiga kofi kwa kusema kweli.

Dagashida ilipokaa, nilisimama kabla ya mtu yeyote kusalimia vizuri. Nikasema binti yangu ameosha mawe mtoni, atengwe. Wazee wakanisifu. Mzee wa mkutano akasema mama kama huyu haonekani tena duniani. Niandike sawasawa: sikusimama kwa ajili ya mto. Nilisimama ili jirani yangu asisimame kabla yangu.

Wakampa kipande kutoka kivukoni mpaka kwenye jiwe kubwa. Akombe matope yote ya sumu apeleke kwenye shimo kavu kule juu, afukie mashimo, apande matete majini na minyaa kwenye mpaka. Ni kazi ya wanaume kumi. Alikuwa mmoja, na mtoto mgongoni.

Sasa fikiria kumtenga mtu mnayekaa uani pamoja. Asubuhi anatoka, anapiga magoti kama nilivyomfundisha, anasema, "Mwangaluka, mayu," umeamkaje, mama. Nami napita kama napita kisiki. Siku ya kwanza nilidhani ataacha. Hakuacha. Kila asubuhi anapiga magoti, anasalimia, anangoja kidogo, anajifuta vumbi, anaondoka na jembe. Na jirani yangu alianza tabia ya kuja asubuhi na kigoda chake, anakaa langoni kwangu anasukuma ugoro puani, anatazama midomo yangu.

"Leo haijafunguka," anasema. Anabeba kigoda anaenda zake.

Siku moja mjukuu wangu yule wa miaka sita akaja na kigae. "Bibi, mama anaomba moto."

Watoto hawakutengwa. Lakini moto ungeenda kwenye mafiga ya mama yake. Na kigoda kilikuwa langoni. Nikamwambia, "Mwambie mama yako moto wangu umezimika." Mtoto akatazama jiko langu, sufuria inachemka, maharage yanaruka. Akanitazama mimi. Kisha akageuka na kigae chake. Walikula unga uliokorogwa na maji baridi siku hiyo. Niliona mabaki kwenye bakuli.

Alikuwa amefika nusu ya kipande ilipotokea ile ya minyaa. Ilikuwa mchana, kivukoni kuna wanawake kama saba tunachota, jirani yangu anasimamia mbuzi wake. Binti yangu alikuwa juu yetu kidogo, anakata vijiti vya minyaa kwa panga. Kila mtoto wa kwetu anajua utomvu ule mweupe: ukiingia jichoni unachoma kama kaa la moto, na usipooshwa haraka jicho linakufa. Unakata umegeuza uso. Lakini mtoto mgongoni alifurukuta, naye akageuka, na utomvu ukamrukia machoni.

Alipiga yowe.

Wanawake wote waliinua vichwa, halafu wakanitazama mimi. Nilikuwa nimepiga magoti na kikombe mkononi. Alikuwa anajizungusha pale, mikono usoni, haoni mto uko wapi, mtoto analia mgongoni. Alikuwa anaita "Mayu! Mayu!" Kati yetu hatua arobaini, kwa miguu yangu labda thelathini.

Nikashusha kikombe nikachota. Nikamimina. Nikachota tena. Ndoo yangu ilikuwa nusu, na nakwambia niliijaza. Nusu ya maji ilimwagika nje, lakini niliijaza, kwa sababu sheria ilikuwa yangu na macho yote yalikuwa kwangu. Nilidhani nikisimama, mto wote utasimama na kuondoka na mimi.

Aliyesimama ni jirani yangu. Alimkamata mbuzi mwenye maziwa, akamburuta kwa mguu mmoja mpaka pale, akamlaza binti yangu chali kwenye mchanga, akamkamua mbuzi moja kwa moja ndani ya macho yake. Maziwa yanatiririka masikioni. Anamwambia, "Fumbua! Fumbua, mwanangu, fumbua nikukamulie!" Halafu akageuza kichwa akapaza sauti kwetu sote, "Niandikeni! Nimeitikia!"

Jicho la kulia lilipona. La kushoto lina ukungu mpaka leo. Mganga wa zahanati alisema lingeoshwa mapema kidogo, kama muda wa kujaza ndoo tu, lingepona lote. Hakujua anamwambia nani. Alisema hivyo hivyo tu, kama watu wanavyosema.

Dagashida ilikaa siku ya tatu. Jirani yangu alisimama katikati, amevaa kanga yake ya msibani. Mzee wa mkutano hakutaka kusema. Akasema, "Mwenyekiti wa mto atueleze."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema labda neno la yowe lilikuwa kali mno. Labda tuliondoe, tubaki na mengine.

"Liondoeni," akasema jirani yangu. "Lakini kwanza mniambie. Kihenge cha mwanangu kilipoungua lilikuwa sheria. Jicho la mwanawe lilipoungua limekuwa kosa?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko.

Ningesema ndiyo. Neno moja: ndiyo, lilikuwa kosa tangu siku ile, na mimi ndiye mkosaji. Ningelisema, jicho lisingerudi, lakini mengine yangerudi. Nililiona neno lile hapa, kwenye ncha ya ulimi. Na nikaona uso wake unalingoja, ana kiu nalo, miaka miwili ana kiu. Nikameza.

Nikasema, "Basi sheria ibaki kama ilivyo. Atengwe."

Hata wazee walishtuka. Yeye hakushtuka. Alitabasamu kama mtu aliyelipwa.

Sheria yangu ilisema watu wasiwasalimie waliotengwa. Haikusema chochote kuhusu waliotengwa kusalimiana wao kwa wao. Sikuwa nimefikiria siku watakuwa wawili. Asubuhi iliyofuata binti yangu alitoka chumbani, amefunga kitambaa kwenye jicho. Nilikuwa uani, nimesimama makusudi njiani kwake. Nilikuwa nimeamua kwamba leo, kigoda hakipo langoni, nitaitikia. Alinipita. Akaenda moja kwa moja kwa jirani yangu, na nikamsikia ng'ambo ya ua akisalimia kwa sauti, salamu ndefu yote, za nyumbani, za ng'ombe, za usingizi, na yule anaitikia moja moja, gete, gete, kama wanakula.

Walifanya kazi pamoja. Yule naye alikuwa mkosaji sasa, kwa hiyo alipewa kipande, akaomba kiwe kile kile. Mwanamke wa umri wangu, anabeba matope kichwani. Walikuwa wanacheka. Nilipita ukingoni na fimbo yangu nikasikia wanacheka, nikifika wananyamaza, nikipita wanaanza tena. Waliochota maji kivukoni walianza kusahau kuwatenga. Kwanza mmoja aliwachekea, halafu mwingine akaacha chumvi kwenye jani. Mvua za kwanza ziliposhuka walikuwa wamemaliza, na dagashida ikawafungulia. Siku hiyo binti yangu alihamisha sufuria zake na mabinti wake kwenda kwa jirani yangu. Safari tatu tu, vitu vyenyewe vichache. Nilimshikia lango. Akasema, "Ahsante," kama unavyomwambia mtu wa stendi.

Mwaka huu wageni walikuja kutoka mjini na gari lao jeupe, watu wa kutazama mazingira. Walikuwa wamesikia habari za mto wetu. Nilivaa vizuri nikawatembeza. Niliwaonyesha hatua sitini, niliwaonyesha ndege, niliwachotea maji kwa kikombe wakanywa wakashangaa. Ninajivunia mto ule, sifichi. Nenda juu, nenda chini, hutakuta mwingine wenye maji mwezi wa tisa. Tulipofika kati ya kivuko na jiwe kubwa, kijana mwenye daftari akasimama. Akasema hapa matete yamepandwa vizuri kuliko kote, mizizi imefungana kama mkeka. Nani kapanda?

Nikasema, "Mwanangu."

Akafurahi. Akasema aitwe, tupigwe picha pamoja, mama na binti walinzi wa mto. Nikamtuma mtu. Nilikuwa najishika kanga, natamani aje na natamani asije. Alikuja. Mikono ilikuwa na unga, akaifuta kwenye kitenge. Jicho la kushoto jeupe. Akasimama mbali kidogo na mimi, kwenye kivuli cha ua, akawaamkia wageni wote shikamoo, hata kijana aliyekuwa mdogo kwake, kwa mzaha, wakacheka.

Kijana akamuuliza, "Kwa hiyo huyu mwenyekiti ni mama yako mzazi?"

Nilifungua mdomo. Yeye aliwahi.

"Hapana," akasema, wala hakukasirika, sauti yake ya kawaida kabisa. "Nilikaa uani kwake zamani. Ni jirani."

Kijana akanitazama, akidhani kizee nimechanganya. Nilikuwa naweza kusema. Jirani yangu hakuwepo, wazee hawakuwepo, kigoda hakikuwepo. Kulikuwa na mimi na binti yangu na watu wa gari jeupe ambao kesho wangekuwa hawatukumbuki. Nikasema, "Ndiyo. Kwetu watoto wote wa kijiji ni wetu."

Akaandika. Ninajua kusoma, polepole, na herufi zake zilikuwa kubwa. Aliandika jina la binti yangu, na mbele yake akaandika: jirani wa mwenyekiti. Sikumwambia afute.